Somo la gari: Tupime bateri ya pikapu kabla ya kununua nyingine



Mara nyingi masomo yetu yanahusu shamba na ghala. Leo tunakwenda pale pikapu inapolala. Koperative nyingi zina gari moja tu. Gari hiyo isipowaka asubuhi ya soko, mavuno yanabaki barabarani, mnunuzi anakwenda kwa wengine, na pesa ya wanachama inapotea. Na mara nyingi sana kinachozuia gari kuwaka ni bateri.

Tulitembelea koperative moja ya viazi katika milima ya Lubero. Tulikuta mkutano mkali. Kwa muda usiofika miaka miwili walikuwa wamekwisha kununua bateri tatu za pikapu yao, na ile ya tatu ilikuwa imekufa baada ya miezi saba. Mzee mmoja alisimama akasema: «Bateri ya mupya haiwezi kufa miezi saba. Kuna mutu ameikula.» Watu wote waligeuka kumtazama chofa. Walisema ameuza bateri nzuri huko mjini na kuweka kuukuu mahali pake. Chofa alikuwa amekwisha kusimamishwa kazi majuma mawili, naye ana watoto shuleni.

Mama prezida akasema: «Kwanza tujue ugonjwa, kisha ndipo tutafute mchawi.» Basi tukaenda wote kwenye gari na kipimo kidogo cha umeme, kile mafundi wanaita multimetri. Tuliyoyaona pale tutayaeleza mbele. Kwanza tujifunze kazi yenyewe.

1. Bateri inafanya nini?

Bateri ya pikapu ni sanduku lenye vyumba sita. Ndani ya kila chumba kuna vibao vya madini ya risasi, yaani plombi, vimelala katika maji yenye asidi. Kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo, na vyumba sita pamoja vinafika volti 12 na nusu hivi. Ndiyo maana tunasema bateri ya volti 12.

Bateri haitengenezi umeme wa safari nzima. Kazi yake kubwa ni kuamsha moteri. Ukizungusha ufunguo, demarere inakula ampea mia kadhaa kwa sekunde chache tu. Moteri ikiisha kuamka, kazi inapita kwa alternateri, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita dinamo. Alternateri inazungushwa na mkanda wa moteri. Inalisha taa na radio, na tena inarudisha ndani ya bateri kile kilichotumika wakati wa kuwasha.

Ni sawa na ghala la mbegu. Ukitoa mbegu kila musimu bila kurudisha, ghala linakuwa tupu. Lakini tena ukisukuma magunia kupita uwezo wa ghala, kuta zinapasuka. Bateri inaweza kufa kwa njaa, na inaweza kufa kwa shibe. Kati ya njaa na shibe kuna kifaa kidogo kinaitwa regulateri. Kazi yake ni kuzuia alternateri isitoe umeme wa kupita kiasi. Katika magari mengi kiko ndani ya alternateri yenyewe.

Bateri inayotunzwa vizuri inaweza kufanya kazi miaka mitatu mpaka mitano. Kwenye joto kali inaishi muda mfupi zaidi, na barabara mbovu zinatikisa vibao vya ndani mpaka vinaachana. Lakini bateri ikikufa kabla ya mwaka mmoja, tena ya pili na ya tatu zikifanya vilevile, msiamini tu kwamba zote zilikuwa mbaya. Tafuteni kitu kinachoziua.

2. Vipimo vitatu

Multimetri ya kawaida bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na bateri moja. Koperative yenye gari inafaa kuwa nayo. Ziko za aina nyingi, lakini matumizi ni mamoja: zungusha kitufe mpaka upande wa volti za bateri, wenye herufi V na mstari ulionyooka, kwenye namba 20. Waya mwekundu unagusa kichwa cha bateri chenye alama ya kujumlisha (+), waya mweusi unagusa kichwa chenye alama ya kutoa (–). Kwenye kioo utaona nukta mahali sisi tunaandika koma: 12.6 ni sawa na 12,6.

*Kipimo cha kwanza: asubuhi, gari imelala.* Pima kabla ya kuwasha gari mara ya kwanza, wala usifungue taa. Usipime mara tu gari inapotoka safari, kwa sababu bateri inakuwa bado na nguvu ya juujuu inayodanganya. Soma hivi:

– 12,6 au zaidi: bateri imejaa.
– 12,4: imebaki robo tatu.
– 12,2: imebaki nusu.
– 12,0: imebaki robo.
– Chini ya 11,9: ni kama tupu.

Angalieni vizuri: kati ya kujaa na kuwa tupu hakuna hata volti moja. Ndiyo sababu mtu anayesema «bateri iko na volti 12, iko muzuri» anajidanganya. Volti 12 kamili ni bateri yenye njaa.

*Kipimo cha pili: wakati wa kuwasha.* Mmoja azungushe ufunguo, mwingine asome kipimo. Namba itashuka ghafula, ni kawaida. Lakini kama bateri ilikuwa imejaa na bado inashuka chini ya 9,6, ujue imechoka ndani. Hiyo inaweza kuonyesha 12,6 asubuhi na bado kukuacha njiani.

*Kipimo cha tatu: moteri inanguruma.* Hiki ndicho watu wengi hawakifanyi, na ndicho kinachookoa pesa. Washa moteri, kanyaga mafuta kidogo ili izunguke haraka kuliko kupumzika, kisha soma kwenye vichwa vya bateri.

– Kati ya 13,8 na 14,5: alternateri inalisha bateri vizuri. Gari fulani zinafika 14,7.
– Chini ya 13,5: bateri inalishwa kidogo, itakufa kwa njaa.
– Namba ileile ya asubuhi, kwa mfano 12,3 bila kupanda: alternateri hailishi kabisa.
– 14,8 inayoendelea kupanda, au 15 na zaidi: bateri inalishwa kupita kiasi, itakufa kwa shibe.

Kisha fungua taa kubwa na feni, upime tena. Namba inashuka kidogo, lakini haifai kuanguka chini ya 13,5. Kama bateri ilikuwa imeisha sana, endesha gari nusu saa kwanza kabla ya kuhukumu. Tena magari ya siku hizi yenye kompyuta yanapandisha na kushusha volti yenyewe. Kwa hayo, mwulize fundi anayeyajua kabla ya kusema alternateri ni mbovu.

3. Tulichokiona kule Lubero

Sasa turudi kwenye ile pikapu. Bateri iliyokuwamo haikuweza kuwasha, kwa hiyo tuliazima bateri nzima ya mwanachama mmoja mwenye gari. Asubuhi ilikuwa na 12,6. Tukawasha. Kipimo kikapanda: 13,9, kisha 14,6. Fundi akakanyaga mafuta kidogo. Kikafika 15,6 na kubaki pale. Fundi akazima moteri haraka, akasema: «Hapa njo kuko mwizi.»

Regulateri ilikuwa imekufa. Alternateri ilikuwa inasukuma umeme bila kipimo, na maji ya bateri yalikuwa yanachemka na kupotea kama sufuria isiyo na kifuniko. Tulifungua vifuniko vya ile bateri iliyokufa: vibao vilikuwa wazi, vikavu kwa juu. Chuma kilichoibeba kilikuwa kimeliwa na asidi.

Kisha watu wakaanza kukumbuka. Mwekahazina alifungua kitabu chake akakuta balbu za taa zimenunuliwa mara tano katika mwaka mmoja. Kijana anayepakia magunia alisema kila safari ndefu alikuwa anasikia harufu kama ya yai bovu. Na chofa alisema alikuwa ameomba maji ya bateri mara nyingi mpaka komite ikachoka naye. Balbu kuungua ovyo, harufu ya yai bovu, maji kuisha haraka: zote tatu ni alama za umeme kupita kiasi. Kila mtu alikuwa na kipande kimoja cha habari, lakini hakuna aliyeviunganisha.

Chofa alirudishwa kazini siku ileile, na komite ikamwomba msamaha mbele ya wanachama. Lakini pesa ya bateri tatu haikurudi. Kama wangepima mara moja tu, baada ya bateri ya kwanza kufa, wangetengeneza alternateri na kununua bateri moja.

4. Bateri yenye njaa

Shibe inaua, lakini katika vijiji vyetu njaa inaua zaidi. Bateri inayokaa siku nyingi bila kujaa, vibao vyake vinafunikwa na chumvi nyeupe ya risasi. Mwanzoni chumvi hiyo inayeyuka bateri ikilishwa. Ikikaa muda mrefu inakuwa ngumu kama jiwe, na hapo bateri hairudii nguvu yake hata ukiilisha siku tatu.

Njaa inatoka wapi?

*Safari fupifupi.* Gari inazunguka kukusanya magunia, inazimwa na kuwashwa mara kumi, na kati ya vituo haitembei hata dakika tano. Inatoa, hairudishi. Kwa siku kama hizo, pangeni kituo cha mbali kiwe cha mwisho ili gari itembee muda mrefu kabla ya kulala.

*Taa na simu wakati moteri imezimwa.* Tufanye hesabu. Taa mbili kubwa za kawaida zinakula ampea 9 hivi. Bateri yetu tuseme ni ya ampea-saa 70. Mkipakua mizigo usiku kwa taa za gari saa nne, mmekula 36, yaani nusu ya bateri. Ongeza simu kumi za wanakijiji na kipaza sauti cha mkutano, asubuhi gari haiwaki.

*Mkanda uliolegea.* Ukisikia mlio wa kukwaruza wakati wa kuwasha au wakati wa mvua, angalia mkanda. Mkanda unaoteleza hauwezi kuzungusha alternateri vizuri.

*Vichwa vichafu na waya mbovu.* Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya bateri unazuia umeme. Pima kwenye alternateri, kisha pima kwenye bateri. Kama kule ni 14,2 na huku ni 13,4, alternateri ni nzima. Umeme unapotea njiani kwenye waya.

*Kitu kinachokula usiku.* Andika namba ya jioni, saa mbili baada ya kuzima gari, kisha ya asubuhi. Kama inashuka sana, usiku unaofuata fungua waya wa kutoa (–) na upime tena. Ikibaki juu, kuna kitu katika gari kinakula: radio, taa ya ndani, au alternateri yenyewe. Ikishuka hata bila waya, bateri yenyewe imeharibika.

Tena musisahau: alternateri haikuumbwa kufufua bateri iliyokufa kabisa. Ukiilazimisha inapata joto kali na kuungua. Bateri iliyoisha ipelekeni kwa chaja, ilishwe polepole. Kwa bateri ya 70, ampea 7 zinatosha.

5. Kazi ya kila mwezi

Moteri iwe imezimwa.

Safisha vichwa kwa maji ya moto na unga wa bikaboneti, ukauke, kaza vizuri, kisha pakaa vazelini. Ukifungua waya, anza na ule wa kutoa (–). Ukirudisha, huo uwe wa mwisho. Hivyo ufunguo wa chuma ukigusa mwili wa gari hautatoa cheche.

Hakikisha bateri imefungwa imara. Bateri inayoruka kwenye mashimo ya barabara inavunjika ndani.

Kama ina vifuniko, angalia maji. Yafunike vibao na kupita juu yake kama upana wa kidole kimoja, sentimeta 1 mpaka 1 na nusu. Ongeza maji yaliyosafishwa tu, yale ya mvuke. Maji ya mto na ya bomba yana chumvi zinazoharibu vibao. Na ukinunua dukani uliza vizuri, maana chupa nyingine inauzwa kwa jina la «maji ya bateri» kumbe ni asidi. Bateri iliyopungukiwa maji haiongezwi asidi.

Kama gari itakaa majuma mengi bila kutembea, fungua waya wa kutoa, na mulishe bateri kila mwezi.

6. Kitabu na alama

Kule Lubero walinunua kitabu kidogo kinachokaa ndani ya gari. Kila Jumatatu chofa anaandika tarehe, namba ya asubuhi na namba ya moteri ikinguruma. Mwanachama mmoja wa komite anatia sahihi. Inachukua dakika kumi.

Tena siku ya kununua bateri, wanaandika tarehe na jina la koperative juu yake kwa rangi isiyofutika, na namba yake inaingia katika kitabu. Hivyo hakuna anayeweza kuibadilisha kwa siri, na hakuna atakayesingiziwa kwamba ameibadilisha. Kitabu kinalinda mali ya wanachama, kinamlinda chofa pia.

7. Tahadhari

Bateri inapolishwa inatoa hewa inayoweza kulipuka. Usivute sigara karibu, wala usimulike kwa kiberiti au mshumaa ili kuona maji. Asidi inachoma macho na ngozi: vaa miwani na glavu. Ikikugusa, osha kwa maji mengi muda mrefu, na kama imeingia jichoni nenda haraka kituo cha afya.

Bateri iliyokufa msiivunje nyumbani kwa kutafuta risasi ya uzito wa nyavu. Risasi ni sumu, na inaharibu zaidi akili ya watoto wadogo. Usimwage asidi yake shambani wala karibu na chemchemi. Rudisheni bateri nzima kwa muuzaji. Wengi wanaipokea na kupunguza kidogo bei ya ile mpya.

Maswali ya kuzungumzia katika mkutano

1. Bateri ya gari yetu ilinunuliwa lini? Nani anaweza kuonyesha tarehe?
2. Asubuhi tumepima 12,1, na moteri ikinguruma tumepata 12,2. Je, tununue bateri mpya? Tuanze kuangalia nini?
3. Asubuhi tumepima 12,6, moteri ikinguruma ni 14,2, lakini wakati wa kuwasha namba inaanguka mpaka 8. Ugonjwa uko wapi?
4. Mwaka uliopita tulinunua balbu ngapi? Tulitumia chupa ngapi za maji ya bateri?
5. Nani katika komite atatia sahihi kitabu kila Jumatatu?

Jibu la swali la pili: bado msinunue. Alternateri hailishi, kwa hiyo hata bateri mpya itaisha vilevile. Angalieni mkanda, kisha waya, kisha alternateri yenyewe. Jibu la swali la tatu: alternateri ni nzima, bateri ndiyo imechoka. Safisheni kwanza vichwa na mpime tena. Namba isipobadilika, hapo ndipo mununue.

Tunawatakia safari njema za sokoni.